Ubani wa Jumanne

Kabla sijaiona ile nyumba niliisikia ikikoroma. Nilikuwa nimeshuka kwenye lori lililotutoa Mbwemkuru, vumbi jekundu limenijaa kope, na mama mdogo akanishika mkono akanipitisha ukumbini, palipokuwa giza tupu kwa mtu aliyetoka kwenye jua la saa nane. Nikasimama. Nyuma ya ukuta kitu kilivuta pumzi, kikaibana, kisha kikaiachia polepole kwa mapovu, kama mzee aliyejaa kohozi kifuani.

"Nani anaumwa?" nikauliza.

"Haumwi mtu," mama mdogo akasema. "Hilo ni pipa. Utalizoea."

Sikulizoea. Mwaka ule mashamba makubwa ya karanga yalikuwa yamekwisha kushindwa, matrekta yamelala porini nje ya Nachingwea kama ng'ombe waliokufa kwa ukame, na mimi nilikuwa nimeletwa mjini kusoma, kwa sababu kwetu shule ya wasichana haikuwapo. Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, alikuwa na nafasi nyumbani kwake. Walikuwa wanne: yeye, mumewe niliyemwita baba mdogo, binti yao niliyemwita dada, na bibi mzaa baba mdogo, ambaye miguu ilikuwa imemvimba hata hatoki chumbani. Mimi nikawa wa tano. Pipa lilikuwa la sita, na lilikula kuliko sisi sote.

Lilikula mabibo. Msimu wa korosho ulipoanza, watu walikuwa wanazikonyoa korosho na kuyaacha mabibo chini ya mikorosho yaoze, nasi tulipita na makapu kuyaokota. Bibo likiwa mtini ni kitu kizuri, jekundu au la njano, linang'aa kama shavu la mtoto aliyepakwa mafuta. Bibo lililolala chini siku mbili ukilishika linakubali kidole chako bila ubishi. Ngozi inabaki mkononi, nyama inateremka hadi kwenye kiwiko, na ndani yake kuna wadudu weupe wanaojikunja kwa aibu ya kuonekana. Tuliyaponda kwenye kinu, tukayakamua, maji yake yakatiwa kwenye pipa, na pipa likafunikwa kwa gunia. Baada ya siku chache likaanza kukoroma. Ukifunua gunia unakuta povu la rangi ya usaha, nzi wamekwama juu yake, wengine bado wanapiga mabawa. Dada ndiye aliyeliengua kwa kata. Kisha alikoroga kwa mti mrefu, uso ameugeuzia ukutani.

Hiyo ilikuwa uraka. Uraka peke yake hata wazee wengine walijifanya hawaijui kuwa ni pombe. Lakini nyumba ile haikuishia kwenye uraka. Ilipika nipa, pombe kali ya mvuke.

Baba mdogo alikuwa mlinzi kwenye uwanja wa mitambo mibovu. Siku moja alikuja na bomba la shaba lililofungwa ndani ya kanzu yake, amelitoa kwenye tumbo la trekta. Alilikunja mwenyewe. Likatoka kwenye mdomo wa pipa la kupikia, likapita ndani ya hori la maji baridi, likachungulia upande wa pili juu ya chupa. Pale lilipoungana na pipa palizibwa kwa donge la unga wa muhogo. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji ya hori yakipata moto. Nilichuchumaa pale na kulitazama tone likivimba kwenye ncha ya bomba, likitetemeka, jeupe kabisa, safi kuliko machozi. Sijawahi kuona kitu safi kilichonichukiza namna ile. Nilijua kilikotoka. Nilikuwa nimewaona wale nzi.

Baba mdogo alikuwa haonji. Alilisema hilo mara nyingi, hasa akiwa ametoka msikitini, ambako mahali pake palikuwa safu ya kwanza, upande wa kulia.

"Mimi kitu hiki hakijanipita mdomoni," alisema huku akilishika donge la unga kuona kama limekauka. "Wanaokunywa, hiyo ni shauri yao na Mola wao."

Kisha alinawa mikono, akala.

Shuleni mwalimu wetu wa maarifa alituandikia ubaoni kwamba vitu vyote duniani vimegawanyika mafungu matatu. Kuna kigumu, ambacho kina umbo lake na ukikiweka mahali kinakaa. Kuna cha majimaji, ambacho hakina umbo, kinachukua umbo la chombo ulichokitia. Na kuna hewa, ambayo haina umbo wala haikai, ukiifungulia kidogo inajaza chumba kizima. Alichemsha maji kwenye sufuria, akashika sahani ya bati juu ya mvuke, matone yakajipanga chini ya bati. Darasa zima likasema "Aaa!" Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Mwalimu akauliza nani amewahi kuona jambo kama hilo nyumbani kwao.

Msichana niliyekaa naye dawati moja akanyoosha mkono.

"Huyu hapa, mwalimu. Mnuse."

Wakacheka hata walio nyuma. Mwalimu akamkemea, lakini na yeye aliponipita alifanya kitu kidogo na pua yake, kitu ambacho mtu hufanya bila kukusudia. Wakati wa mapumziko yule msichana akaniambia, si kwa ubaya, "Mwenzangu, sogea kidogo. Nikienda nyumbani nimelewa mama atanipiga."

Nilikuwa nimejisugua kwa majivu asubuhi ile. Nilikuwa nimesugua hadi ngozi ya shingo ikachubuka. Nikaelewa somo la siku ile kuliko watoto wote wa darasa lile, nikatamani nisingelielewa.

Dada alinizidi miaka mitatu au minne. Mikono yake sitaisahau: utomvu wa maganda ya korosho ulikuwa umeibabua, na maji ya mabibo yalikuwa yameingia katika mibabuko ile, hata viganja vikawa na madoa meusi na kucha za njano. Alikuwa akiificha ndani ya kanga hata akiongea na mimi. Mwezi ule alikuwa na posa. Fundi cherehani mmoja wa Nkowe alikuwa amemwona mnadani, akapeleka watu kwa mjomba, na kwetu neno la mjomba ndilo la kwanza. Mjomba akakubali. Sasa mshenga alikuwa anakuja nyumbani kuiona familia na kumaliza maneno.

"Umempenda?" nilimuuliza dada tukiwa kisimani.

"Nimeipenda cherehani yake," akasema, tukacheka. Kisha akaacha kucheka. "Nyumba yake itakuwa inanuka nguo mpya. Nguo mpya na mafuta ya mashine tu. Nimelala usiku mzima nafikiria harufu hiyo."

Ndivyo nilivyojua alichokuwa anakingoja. Hakuwa anaolewa ili apate mume. Alikuwa anaolewa ili atoke.

Mshenga alisema angekuja Ijumaa. Jumanne, kabla ya adhuhuri, kijana wa lori la korosho akapiga kelele kutoka barabarani kwamba yule mshenga, mzee wa Nkowe, yuko Nachingwea tayari, ameshukia sokoni, anamaliza shughuli zake kisha anakuja. Siku hiyo tulikuwa tunapika. Pipa lilikuwa juu ya moto, uani hapapitiki kwa mvuke, na baba mdogo alikuwa kazini.

Mama mdogo alisimama katikati ya ua akashika kichwa. Kisha akaanza kuamuru.

Machicha, yale makapi mazito ya mabibo yaliyobaki baada ya kukamua, yalikuwa kwenye vikapu vinne. Hayo yakasukumwa chini ya kitanda cha bibi, shuka likateremshwa hadi sakafuni. Bibi akasema, "Mnaniwekea nini huko chini? Panya?" Nipa iliyokuwa imekwisha kutoka asubuhi ile ilikuwa kwenye chungu. Chupa zilizokuwa karibu zote zilikuwa zimejaa. Mama mdogo akazunguka nyumba akitafuta chombo ambacho mgeni hatakishuku, akaliona birika kubwa la udhu la baba mdogo, limening'inia kwenye msumari wake karibu na mlango wa uani. Akamimina humo. Likajaa hadi shingoni. Akalirudisha kwenye msumari, akalitazama, akapumua. Ukilitazama lilikuwa birika la maji.

Bomba na chupa vikaingia darini, pipa la kupikia likasukumwa jikoni. Moto ukazimwa.

Ikabaki harufu.

Dada alifungua madirisha, akapunga kanga, akapunga tena. Harufu ilikuwa kwenye makuti, kwenye udongo wa kuta, kwenye nywele zetu. Nilimkumbuka mwalimu wangu na kipande chake cha chaki. Kigumu umekificha chini ya kitanda, cha majimaji umekipa umbo la birika, na hiki cha tatu, mama mdogo, utakitia wapi?

Alikitilia ubani. Akachukua chetezo, akajaza makaa, akamwaga ubani wote uliokuwa kwenye kopo, ule uliokuwa umewekwa kwa ajili ya maulidi. Ukatoka moshi mnene, mweupe, ukapanda juu ya paa ukalala juu ya mtaa mzima. Nao haukuiua ile harufu. Ulichanganyika nayo. Palikuwa na utamu mzito juu na uchachu chini yake, kama maiti iliyofukizwa na kucheleweshwa kuzikwa. Nilitapika nyuma ya choo.

Sasa, mtaani kwetu ubani ulikuwa na wakati wake. Uliufukiza Alhamisi jioni kidogo tu, kwa kuwakumbuka waliotangulia. Uliufukiza kwenye maulidi, nayo yalitangazwa. Ubani mwingi hivyo, Jumanne, mchana, kwenye nyumba ambayo kila mtu alijua ina mgonjwa wa siku nyingi, ulikuwa na maana moja tu.

Wa kwanza kuingia alikuwa jirani wa mkono wa kushoto, mama mnene mwenye sauti, kanga amejifunga kiunoni na unga wa muhogo kwenye ungo kichwani.

"Ndugu zangu! Mmekaa na msiba kimya kimya kama mnaiba? Jirani wa ukuta mmoja nijue kwa pua?"

Mama mdogo alifungua mdomo. Niliona akitafuta neno. Akisema hakuna msiba, ataulizwa ubani wa nini, na hilo halikuwa na jibu.

"Bibi... hali yake," akasema. "Hali yake, jirani, si nzuri."

Kwa yule mama hiyo ilitosha. Alitua ungo, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe lililofika mnadani. Wakaja wengine. Mikeka ikatandikwa uani, kandokando ya majivu ya moto wetu ambayo bado yalikuwa na joto. Wanawake wakakaa juu ya vipande vya mabibo tulivyokuwa hatujavifagia, vikanata kwenye kanga zao, nao wakalia. Wanaume wakakaa mbele ya nyumba, mmoja akatumwa kuuliza habari za sanda.

Baba mdogo akarudi kutoka kazini akakuta watu mlangoni. Mimi na dada tulikuwa tunachungulia kwenye ufa wa mlango wa chumbani, maana mwali hatakiwi kuonekana siku ya wageni wake. Tuliiona sura yake. Alivuta pumzi, akaunusa ubani, akainusa na ile nyingine chini yake, na akaelewa kila kitu kwa mara moja. Mzee mmoja akamshika mkono.

"Pole, bwana. Kazi ya Mungu."

Nilingoja aseme mama yake yu hai.

"Haina makosa," baba mdogo akasema, akainamisha kichwa. "Nimeshapoa."

Akakaa, akapokea pole ya mtu wa pili, na ya tatu. Dada aliubana mkono wangu hadi kucha zake za njano zikaniingia.

Katikati ya hayo mshenga akafika. Alikuwa mzee mwembamba, kanzu yake imepigwa pasi, kofia nyeupe, viatu vimefutwa vumbi mlangoni. Akapiga hodi, akasikia vilio, akamuuliza wa karibu yake. Akaambiwa mama wa mwenye nyumba ametangulia. Akasema inna lillahi, akavua viatu, akakunja mikono ya kanzu. Mtu wa dini anapofika msibani kwanza anajiweka tayari kusalia. Akauliza kwa adabu maji ya udhu yako wapi. Mtu fulani akamwonyesha birika kwenye msumari.

"Kimbia," dada akaniambia. "Kimbia umwambie ni chafu. Mwambie lolote."

Nilitoka mbio. Kati yetu palikuwa na ukumbi, na ukumbini palikuwa na wanawake wamekaa miguu imenyooshwa. Niliruka wa kwanza, wa pili akanishika sketi. "Tulia mwanangu, lia taratibu," akaniambia, akanivuta kifuani kwake. Kutoka pale kifuani nilimwona mzee. Alimimina kwenye mikono. Akasita. Aliitazama mikono yake, akaigeuza, maana nipa ikikauka juu ya ngozi huacha baridi kama upepo wa Juni, na maji hayana tabia hiyo. Puani ubani ulikuwa umemfanya kipofu. Akajaza kiganja, akakipeleka mdomoni kusukutua.

Wakati huohuo mlango wa chumba cha bibi ukafunguliwa. Bibi alikuwa ametambaa kutoka kitandani. Alikuwa ameketi kizingitini, shuka begani, machicha yamemganda magotini, macho yamemtoka.

"Nani kafa?" akauliza. "Mwanangu kafa? Mbona hamniambii?"

Jirani mnene akapiga yowe la aina nyingine.

"Wewe si ndiye uliyekufa!"

"Nife mimi?" bibi akasema. "Nani kaniua?"

Hapo mzee wa Nkowe akatema. Alitema kwa nguvu, mara tatu, juu ya majivu, na majivu yaliyokuwa bado na kaa hai yakawaka, mwali mdogo wa buluu, mzuri, ukatembea kidogo juu ya ardhi ukazimika.

Hakuna aliyecheka. Walianza kuondoka mmoja mmoja, wakikunja mikeka, wakijifanya wameona jua linatua. Jirani alichukua na ungo wake wa unga.

Mshenga alikaa mpaka wakaisha. Alikuwa amejifuta mdomo kwa leso, kisha ulimi, kisha akaitupa ile leso. Baba mdogo alikuwa akizungumza kwa haraka: ni dawa ya miguu ya mama yake, ni ya kuchua, imewekwa mahali pasipo pake, wanawake hawana akili.

Dada akatoka chumbani. Mwali, mbele ya mshenga, bila kujifunika. Alikuwa amebeba kata ya maji.

"Haya ni maji, baba," akasema. "Nimeyateka mwenyewe leo."

Mzee akaipokea. Akaiona mikono.

"Hii kazi unaifanya wewe, binti?"

"Si yeye," mama mdogo akadakia.

"Ndiyo, baba," dada akasema. "Mimi ndiye ninayekoroga."

Mzee akasukutua kwa muda mrefu. Alipomaliza alimrudishia kata kwa mikono miwili, kwa heshima, na kwa kitambo nilidhani mambo yamepona. Kisha akamgeukia baba mdogo.

"Mimi sikufika hapa," akasema. "Lori liliharibika njiani, nikarudi. Ndivyo nitakavyosema Nkowe. Hutasikia neno lako kwa mtu. Na nyie msiningoje tena."

Akavaa viatu, akaenda zake.

Baba mdogo aliketi kitini akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," akasema. "Muungwana yule. Hatatutangaza." Alisema hivyo na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyepona homa. Mama mdogo alikuwa amelichukua birika. Alilitikisa sikioni, akasikiliza. Akaleta chupa na faneli, akainama, akaanza kuimimina nipa iliyobaki, taratibu, tone lisipotee. "Mdomo wake haukugusa birika," akasema. "Hii bado nzima."

Dada alimtazama mama yake akimimina. Sijui alitazama kwa muda gani. Kisha alikwenda uani, akachota majivu, akaisugua mikono, akaisuuza, akainusa, akaisugua tena. Akaingia chumbani akatoka na kanga zake mbili na kitana.

"Unakwenda wapi?" mama yake akauliza bila kuinua macho, maana chupa ilikuwa imekaribia kujaa.

"Chiola. Kwa bibi mzaa mama."

"Kwa mguu? Jua hili?"

"Nipate upepo."

Akanigusa kichwani alipopita. Nilivuta pumzi nimshike kwa harufu yake, na harufu yake ilikuwa ile ile yetu sote. Baba mdogo alisema atarudi tu, binti wa nani huyo, atarudi kesho. Dada aliufunga mlango nyuma yake kama tulivyofundishwa kuufunga katika nyumba ile: kwa kuuvuta polepole mpaka ubao ukutane na ubao, hata harufu isipate pa kutokea.